102 − 37: anza na vijiti, daftari lisubiri

Mpwa wangu wa darasa la tatu alikuwa akipewa 102 − 37 anaandika 135. Alitoa 2 kwenye 7, kisha 0 kwenye 3, yaani ndogo kwenye kubwa bila kuangalia ipi iko juu. Ametoa, kabaki na vingi kuliko alivyoanza navyo, wala hashtuki. Tulivyotoka hapo ni hivi:

Hatua ya 1. Tafuta vijiti 102 na uzi. Programu za simu sizitaki kwa kazi hii: fungu hujifungua lenyewe kwenye kioo, na kufungua ndiyo kazi ya mtoto.

Hatua ya 2. Afunge mwenyewe, kumi kumi. Mafungu kumi ayafunge pamoja yawe mia.

Hatua ya 3. Chora safu tatu kwenye karatasi: mamia, makumi, mamoja. Apange 102.

Hatua ya 4. Hii ilinila jioni mbili. Nilikuwa namwambia, "2 haitoshi kutoa 7, kopa kwa jirani." Jirani ni sifuri, atakopesha nini? Akaandika 10 juu ya sifuri na 12 juu ya 2, akapata 75. Kisha akauliza, "Mjomba, deni tunalipa lini?" Sikuwa na jibu, maana hakuna kinachorudishwa. Tangu siku hiyo nasema "kufungua".

Fungua mia: yanapatikana mafungu 10, yahamie safu ya makumi. Fungua fungu moja kati ya hayo: makumi yanabaki 9, mamoja yanakuwa 12. Ile 75 ilitokana na kuisahau 10 isishuke kuwa 9, kwa hiyo hapa usimharakishe. Kila akifungua, muulize, "Vyote ni vingapi sasa?" Akianza kuhesabu upya kijiti kimoja kimoja, mwache, hata ikichukua dakika kumi. Siku atakayokujibu bila kuhesabu, "Si ni vilevile 102!", ameelewa. Sasa atoe: 12 − 7 ni 5, 9 − 3 ni 6. Jibu 65.

Muulize mwalimu wake anatumia neno gani darasani. Kama ni "kukopa" au "kuazima", mweleze mtoto kuwa ni kufungua kulekule. Usimkosoe mwalimu mbele yake. Mtoto ataanza kuchagua wa kumsikiliza, na kwenye mtihani hutakuwepo.

Hatua ya 5. Daftari. Kila fungu likifunguliwa, akate namba na kuandika mpya papo hapo, kwa penseli.

Hatua ya 6. Ahakiki kwa kujumlisha: 65 + 37. Kisha mpe 104 − 58 na 101 − 26. Maswali matatu kwa jioni yanatosha. 100 − 64 iache kwanza mpaka aweze hayo bila vijiti, kwa sababu hapo hata safu ya mamoja haina kitu.