Kihisi kimoja hakitoshi kupima shingo

Wenzangu wa fiziotherapia mnaopima mwendo wa shingo kwa vihisi mwendo vya kuvaa, tafadhali msitumie kimoja tu. Kikikaa kwenye paji la uso peke yake, kinahesabu pia kifua kinachozunguka pamoja na kichwa, na mgonjwa mwenye maumivu huisaidia shingo kwa kiwiliwili bila hata kujua. Weka cha pili juu ya mfupa wa kidari, kisha toa mwendo wa kifua kwenye mwendo wa kichwa. Kinachobaki ndicho cha shingo.

Kuinama na kulaza kichwa upande havisumbui sana, kwa sababu kihisi hujirekebisha kwa mvuto wa dunia. Shida ni kugeuka kushoto na kulia mtu akiwa ameketi. Hapo mvuto hausaidii: kihisi hutegemea sumaku ya dunia, ambayo kitanda cha chuma kilicho jirani kinatosha kuipotosha, au jairoskopu, yaani kipima kasi ya mzunguko, ambayo makosa yake hujilimbikiza kadiri muda unavyopita. Mimi hutumia kiti cha mbao chenye egemeo, narudisha kihisi kwenye sifuri kabla ya kila mwendo na kumaliza haraka. Au mlaze chali, mvuto usaidie tena. Ila usilinganishe kamwe nyuzi (digrii) ulizopima akiwa amelala na za akiwa ameketi. Andika mkao kwenye faili.

Na mwache ageuze mara mbili tatu za kujaribu kwanza. Ukimpima kabla misuli haijapata moto, wiki ijayo utadhani amepata nafuu, kumbe kipimo cha kwanza ndicho kilichokuwa pungufu.