Somo: Kuandika riwaya ya safari inayotafuta maana ya maisha

Habari za jioni, wanakikundi. Wengi mliomba tuzungumzie riwaya ya kifalsafa, ile ambayo mhusika anafunga safari na njiani anaanza kujiuliza anaishi kwa ajili ya nini. Nimezipitia rasimu mlizoleta na karibu zote zinaumwa ugonjwa mmoja. Msafiri anatoka kwao, anamkuta mzee mwenye mvi chini ya mbuyu, mzee anahutubia kurasa nne, msafiri anatokwa na machozi, anarudi nyumbani. Hakuna alichopoteza. Mimi nashikilia kwamba uzito wa riwaya ya aina hii unatokana na kile ambacho njia inamtoza msafiri. Maneno anayoambiwa yana nafasi ndogo sana.

Hatua ya 1: Chagua njia kwanza, wazo litafuata

Chukua njia ambayo ipo kweli na uijue vituo vyake. Sisi wa Dodoma tuna bahati, maana reli ya kati inatupita mlangoni. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Tangu Julai 2024 ipo pia SGR, reli mpya ya treni za umeme, inayoleta abiria kutoka Dar kwa saa chache tu. Kwa riwaya, mpandishe msafiri wako treni ya zamani. Ndani ya SGR mtu anakaa, anachaji simu, anashuka. Treni ya zamani inasimama Bahi, Kintinku, Saranda, na kila inaposimama kuna mtu wa kuzungumza naye dirishani. Tena mvua ikikaza, kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinaweza kukatwa na mafuriko, abiria wakakwama. Mwandishi asiyejua kutumia treni iliyokwama akaandike hotuba.

Hatua ya 2: Mpe msafiri shida ndogo

Asitoke nyumbani akisema anatafuta maana ya maisha. Hakuna anayekata tiketi kwa sababu hiyo. Anatoka kwa sababu ana deni, au ana kaburi la kulitafuta, au ametumwa. Tuchukue mfano tutakaoutumia hadi mwisho: binti wa Mvumi anapeleka zeze la marehemu babu yake kwa mjomba aliyeko Manyoni, mbele ya Saranda. Zeze lenyewe ni la Kigogo, kibuyu kilichowambwa ngozi, nyuzi, na upinde wake. Basi. Shida ya kufikisha mzigo inatosha kubeba riwaya nzima.

Hatua ya 3: Kila kituo kidai malipo

Hapa ndipo penye kazi, someni taratibu.

Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ipite Ugogo, nchi ya Wagogo. Ilivuka kwanza nyika kavu ya Marenga Mkali baada ya Mpwapwa, watu na punda wakiwa hoi kwa kiu, halafu ikafika kwenye nchi ambayo maji yana mwenyewe. Mtemi wa eneo alidai ada ya kupita: vitambaa, shanga, nyaya. Ukimalizana na huyu, mbele yuko mwingine. Mazungumzo yaliweza kuchukua siku kadhaa, na muda wote huo msafara unakula chakula chake. Wageni walioandika habari za safari hizo walilalamika sana. Lakini tazama upande wa wenyeji: mvua haba, visima vichache, halafu mamia ya watu wanataka kunywa hapo hapo.

Chukueni muundo huo. Kila kituo kimtoze binti kitu, na malipo yapande. Bahi anatoa fedha, jambo dogo. Kintinku anatoa kanga aliyofungia zeze, kwa mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa, na kuanzia hapo zeze liko wazi, kila abiria analiona. Kwa sababu liko wazi, Saranda mzee mmoja analitambua. Malipo ya kanga yamefungua mlango wa malipo makubwa zaidi. Ninaonyesha namna ningeliandika tukio hilo:

"Mzee hakuomba ruhusa. Alilipokea zeze dirishani, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ufa wa kibuyu uliozibwa kwa mshono. Nyuzi za mshono zilikuwa nyeusi kwa moshi, na uzi mmoja ulipishana na nyingine. Akauhesabu mshono huo mara mbili. 'Huu mkono ni wa mama yangu,' alisema. 'Babu yako aliliazima mwaka wa njaa. Tulimngoja alirudishe.' Kichwa cha treni kikapiga honi. Zeze lilikuwa bado mikononi mwake."

Angalieni, hakuna aliyetaja ukweli, urithi wala heshima. Binti ametozwa picha ya babu yake aliyokuwa nayo moyoni, na ana nusu dakika ya kuamua kama atavuta zeze au ataliacha. Hiyo ndiyo falsafa yenyewe, imekaa kwenye mikono ya watu wawili na kibuyu.

Hatua ya 4: Wanaobishana wote wawe na haki

Mzee wa Saranda ana haki, mjomba wa Manyoni naye anayo, kwani zeze hilo ndilo kumbukumbu pekee ya baba yake. Ukimfanya mmoja mwizi, umeandika kesi ya polisi. Mkoa wetu una maswali mengi ya namna hii ambayo hayajaguswa vya kutosha. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilihamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa: aliyehamishwa aliacha makaburi ya wazazi, aliyehamisha aliamini analeta shule na maji. Kongwa nako Waingereza walifyeka pori kuanzia 1947 kwa mradi wa karanga, miaka michache baadaye ukaachwa. Dereva wa trekta aliyeamini mradi ule angekuwa msafiri mzuri sana.

Hatua ya 5: Maliza shida, acha swali

Zeze lifike au lisifike, msomaji ajue. Swali la nani mwenye haki libaki. Waandishi wengi hufanya kinyume: wanajibu swali kubwa na kusahau mzigo ndani ya behewa.

Ukimaliza, pitia rasimu ukifuta neno "maana" kila unapolikuta mdomoni mwa mhusika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kondoa: Shikamoo mwalimu. Ni lazima safari iwe ndefu? Mimi nafahamu kwetu tu.

Marahaba. Si lazima. Toka Kondoa mjini hadi Kolo kwenye michoro ya miambani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ni mwendo mfupi, lakini aliyechora alikuwa mtu mwenye haja zake, na hatumjui. Mpeleke huko kijana akiwa na bibi asiyependa watalii waende kule. Njia iwe na malipo, kilomita si hoja.

Dada wa Kizota: Kwa Kiswahili zipo riwaya za namna hii, au tunaiga wageni?

Zipo, tena ngumu kweli kweli. Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Ukizisoma usitafute kuelewa kila ukurasa mara ya kwanza. Ila usianze kuandika kwa kumwiga yeye. Aliandika riwaya nyingine kadhaa za kawaida kabla ya kufika huko.

Kijana wa Chang'ombe, Dodoma: Mzee wa hekima nimwondoe kabisa? Wangu nampenda.

Mbakize, ila mpe njaa au haraka. Mzee anayetafuta mbuzi wake aliyepotea hana muda wa kuhutubia, atasema sentensi mbili akiwa anaangalia porini. Hizo mbili zitakumbukwa.

Mwalimu wa sekondari, Mpwapwa: Sikubaliani nawe kaka. Wanafunzi wangu wanaulizwa dhamira na funzo kwenye mtihani. Riwaya isiyotoa jibu nitaifundishaje?

Hoja yako ina nguvu, na mtihani siwezi kuubadilisha. Lakini dhamira haipotei jibu likikosekana. Waulize: binti alilipa nini Saranda, na wangekuwa wao wangevuta zeze? Darasa litagawanyika pande mbili, na kila upande utalazimika kurudi kwenye kitabu kutafuta ushahidi. Funzo la kuandika ubaoni ndilo linalowafanya wasisome.

Dada wa Kizota: Na lugha? Yule mzee wa Saranda si angesema Kigogo?

Angesema. Weka salamu moja au jina la kitu kwa Kigogo pale ambapo binti mwenyewe angeshtuka kusikia lugha ya kwao, halafu endelea na Kiswahili. Usitafsiri ndani ya mabano.

Kijana wa Chang'ombe: Tulete nini wiki ijayo?

Kituo kimoja tu. Kurasa zisizidi tatu, msafiri afike akiwa na kitu na aondoke hana. Aliyeleta mbuyu mara ya mwisho, safari hii apumzishe mbuyu.