Umepewa uhedi wa idara ya afya na kinesiolojia (sayansi ya mwendo wa mwili)? Anzia hapa

Kwanza usikimbilie kubadilisha mtaala, we zunguka tu. Idara hii ni kama nyumba ya wake wenza: kuna wa biomekaniki (nguvu zinazoendesha mwili) na fiziolojia ya mazoezi (mwili unavyofanya kazi ukiwa mazoezini) wanaotaka maabara, kuna wa afya ya jamii wanaotaka hela za kwenda fildi, halafu walimu wa michezo wanaoona wanadharauliwa kisa hawana PhD. Kaa na kila mmoja peke yake, sikiliza, andika.

Bajeti ndo kichwa kinauma, mana ukinunua mashine ya kupima oksijeni anayotumia mtu akiwa mazoezini, leo umenunua kesho itadai kalibresheni (kuisawazisha ipime sahihi), gesi, na fundi, so tenga hela ya matengenezo kabla hujaagiza kitu chochote kipya, usije ukabaki na pambo.

Usalama usicheze nao. Mwanafunzi asipandishwe tredmili (mashine ya kukimbilia) kwa testi ya nguvu zote bila kujaza fomu ya afya, na mashine ya kushtua moyo iwe karibu, sio imefungiwa ofisini kwako na funguo unayo mwenyewe (nimeshaona hii). Utafiti wa watu upite kamati ya maadili kwanza.

Fildi za wanafunzi (sehemu za kwenda kujifunza kwa vitendo) tafuta mapema, mikataba inachelewaga sana.