Breki za Cessna ya zamani: usiangalie plaketi peke yake

Kiangazi kimoja hapa Lubumbashi tulikuwa na ndege ndogo, Cessna 206 ya mwaka 1978, iliyovuta kushoto kila ilipotua. Tukabadilisha plaketi, vile vipande vinavyobana diski ya breki. Majuma machache yakapita, ikaanza tena. Tukabadilisha mara ya pili, tukatumia plaketi ambazo zilikuwa ngumu kupatikana, na bado ikavuta. Ugonjwa ulikuwa kwenye pini mbili ndogo ambazo etrie, kile kishikio chenye pistoni kinachosukuma plaketi, huteleza juu yake. Mtu alizipaka grisi kwa nia njema, vumbi jekundu la viwanja vya udongo likanata humo, likakauka kama matofali, na etrie ya kushoto ikawa hairudi. Ndiyo maana naandika somo hili.

Kabla hujashika spana: kazi hii hufanywa na fundi mwenye leseni, au mbele ya macho yake, naye ndiye anayetia sahihi kwenye kitabu cha ndege. Fungua kitabu cha mtengenezaji kwenye ukurasa wa ndege yako, maana namba za Cessna 206 si lazima ziwe za Cessna 172.

Hatua ya kwanza, kupima. Weka kabari kwenye magurudumu, achia breki ya kuegesha. Kwa breki za Cleveland, ambazo ndizo nyingi kwenye Cessna hizi, plaketi ikifika inchi 0.100, yaani milimita 2.5 hivi, inatoka. Pima pahali penye wembamba zaidi, ncha zote mbili, plaketi ya ndani na ya nje. Ukikuta upande mmoja umeliwa na mwingine bado mnene, usifurahi kwamba umebaki na plaketi nzuri. Hiyo ni habari ya pini.

Hatua ya pili, kufungua. Huhitaji kutoa gurudumu. Fungua bolti za bamba la nyuma, etrie itateleza na kutoka. Tangu hapo mtu yeyote asikanyage pedali, kwa sababu pistoni itaruka na mafuta yatamwagika.

Hatua ya tatu ndiyo ninayowaomba muifanye polepole. Safisha pini na matundu yake hadi chuma kionekane. Kama kuna kutu, isugue kwa kitambaa cha msasa laini. Kama pini imechimbika au imepinda, badilisha. Kisha ingiza etrie kwa mkono, bila plaketi. Inapaswa kwenda na kurudi kwa kidole kimoja. Kwa kulainisha, tumia dawa kavu ya silikoni ya kupuliza. Grisi kwenye vumbi letu ni gundi.

Diski iangalie kwa tochi: nyufa, mifereji, kutu, na kama imekunjika kama sahani. Unene wake wa mwisho umo kitabuni.

Plaketi mpya hufungwa kwa ribiti. Toa za zamani bila kupanua matundu, gonga mpya kwa kifaa chake, halafu jaribu kuisogeza plaketi kwa vidole. Ikicheza, au ikiwa na ufa kuzunguka ribiti, anza upya. Rudisha bolti kwa spana ya kupimia nguvu, funga waya wa usalama pale kitabu kinapodai.

Bado hujamaliza. Plaketi za kawaida, zisizo za chuma, lazima zipikwe kidogo. Endesha ndege ardhini mita 450 hivi, injini kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika, ukizuia kwa breki ili mwendo ubaki kati ya kilometa 8 na 16 kwa saa. Ziache zipoe dakika 10 hadi 15. Kisha ongeza injini ndege ikiwa imesimama, uone kama breki zinashika. Ukiruka hatua hii, plaketi mpya zinaweza kuteleza siku ya kwanza tu unapozihitaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Papa fundi, mafuta ya breki ya gari yanapatikana kila duka pale mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Kwa dharura yanafaa?
Hapana, ndugu yangu, hata tone. Breki hizi zinatumia mafuta mekundu ya madini, 5606. Ya gari ni ya aina nyingine kabisa, yanavimbisha na kulainisha mipira ya ndani. Kama yalishaingia, mfumo wote ufunguliwe, usafishwe, na mipira yote ibadilishwe kabla ya kuruka.

Pedali inazama kama sponji baada ya kazi.
Kuna hewa ndani. Sukuma mafuta kutoka chini kwenye etrie kuelekea juu, kwa sababu hewa yenyewe inapenda kupanda. Ukitoa hewa kwa kukanyaga pedali kama kwenye gari, utahangaika mchana kutwa.

Sisi wa Bukavu tunamaliza plaketi haraka kuliko wenzetu wa pwani. Ni rubani?
Usimlaumu upesi, mama. Kavumu, uwanja wenu wa ndege, iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo mshale wa kipimamwendo ukionyesha mwendo uleule, ndege inagusa lami kwa kasi kubwa zaidi. Nguvu ambayo breki inaimeza inazidi karibu asilimia 18. Hapa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwenye mita 1,300, karibu 13. Siku ya joto huongezeka. Pimeni mara nyingi zaidi.

Nataka kuangalia na rulema (beringi) za gurudumu. Nianzie wapi?
Toa hewa yote kwenye tairi kwanza, kabla ya kugusa nati ya ekseli. Gurudumu hili ni vipande viwili vilivyoshikwa na bolti, na likifunguka likiwa na hewa linaua. Osha rulema, zikaushe bila kuzizungusha kwa hewa ya kompresa, tafuta madoa na rangi ya bluu ya kuungua, kisha zijaze grisi kwa kiganja. Na ile pini ya miguu miwili inayofunga nati, weka mpya kila mara.