Karamu ya fumbo la mauaji: wageni wale, wapeleleze, wamtaje muuaji

Kikundi cha maigizo cha Malindi kimeniomba mpango wa karamu tunayoifanya huku Lamu: wageni wamekaa wanakula, mtu "anauawa", washukiwa wako papo hapo mkekani, na wageni wenyewe ndio wapelelezi. Nauandika hadharani ili na wengine waupate. Kukariri, kuvaa na kupaza sauti mnajua; hayo siyagusi.

Hatua ya 1: Nyumba kwanza, hadithi baadaye

Tafuteni nyumba ya mawe yenye kiwanda (ua wa ndani), kisha hadithi iifuate nyumba. Ngazi ikiwa nyembamba na kali, marehemu wenu atasukumwa ngazini. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndizo kabati za ushahidi. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na lipu yake ya chokaa humeguka upesi. Msipigilie msumari wala kubandika selotepu. Kila kitu kiwekwe, kisitundikwe.

Hatua ya 2: Majirani

Msiiruke hii. Nyumba zetu zimegusana ukuta kwa ukuta, na ukemi wa usiku maana yake ni msiba au moto. Mtaa mzima utatoka mbio. Nendeni mchana, mpige hodi kwa mzee wa mtaa na kila nyumba ya jirani. Hata mkisharuhusiwa, mimi nataka kifo kisicho na ukelele kabisa. Sinia tupu la shaba likiporomoka ngazini linatosha: mikono yote husimama juu ya pilau. "Maiti" afunikwe kikoi, kamwe si kitambaa cheupe, wala asisomewe chochote. Sanda na dua si vifaa vya mchezo. Anzeni saa mbili unusu, watu wameshaswali Isha, na Ramadhani iacheni ipite.

Hatua ya 3: Kulifunga fumbo

Hapa ndipo tunapokesha, na hapa ndipo karamu nyingi hufia. Waigizaji wanaweza kuwa hodari, chakula kitamu, na bado wageni wakaondoka wamenuna kwa sababu fumbo halikufumbulika kwa yale waliyopewa. Mgeni aliyekuja kupeleleza ana haki ya kupata njia ya kulifikia jibu.

Washukiwa wasizidi watano. Mchezo wa mezani wa Cluedo, aliobuni Mwingereza Anthony Pratt na kuanza kuuzwa 1949, huuliza mambo matatu: nani, kwa silaha gani, katika chumba gani. Kwenye karamu mahali na namna ya kifo wote wamepaona, kwa hiyo sisi tunauliza: nani, kwa nini, na saa ile kila mmoja alikuwa wapi.

Chukueni karatasi ya manila, penseli na kifutio. Washukiwa waandikwe ubavuni, saa ziandikwe juu, kuanzia saa mbili hadi saa tano, na kila kisanduku kijazwe: alikuwa wapi, nani alimwona. Tafadhali msifanye kazi hii kwenye simu. Simu huonyesha kipande kipande, na kosa la fumbo hujificha kati ya visanduku viwili ambavyo hukuviona pamoja.

Nitoe mfano wa fumbo letu. Hadithi iko zama za majahazi ya tanga (simu ya mkononi huua kila fumbo, irudisheni nyuma). Tajiri wa boriti amekufa saa nne usiku, mwezi mpevu. Nahodha anasema saa ile alikuwa akipita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, ametoka Faza, kisiwani Pate, na shehena. Mwamu (mtu wa Lamu) yeyote anamkamata hapo hapo: mwezi mpevu ni bamvua, bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida; maji hujaa alasiri mnamo saa kumi na kufika saa nne usiku yamekupwa. Jahazi lenye shehena halipiti Mkanda maji yakiwa yamekupwa. Lakini mgeni wa Nakuru atalisikia neno hilo na kuendelea kula.

Basi kila ukweli unaobeba hukumu upitishwe njia tatu: moja ya kusikia, moja ya kusoma, moja ya kuona. Ya kusikia: mvuvi analalamika kwamba usiku ule dau lake lilikaa mchangani. Ya kusoma: daftari la karani wa forodhani lenye saa za maji. Ya kuona: taa ya jahazi la nahodha, iliyomo kidakani, imejaa mafuta hadi juu, na yeye anadai amesafiri nayo tangu magharibi.

Masharti yake ni haya. Njia tatu zisiwe mdomoni mwa mtu mmoja. Zisitoke wakati mmoja. Mojawapo ashike mpishi, kwa sababu kila mgeni atasema na mpishi. Muuaji peke yake ndiye anayeruhusiwa kusema uongo. Wengine wanaweza kuficha, lakini mtu akiulizwa mara ya pili aseme kweli. Na kila shaka la uongo lifungwe kabla ya hukumu: mpwa wa tajiri alionekana akitambaa gizani, vyema, basi ijulikane alikuwa akimkwepa mdai wake. Shaka lililoachwa wazi ndilo wageni watakalogombania hadi usiku wa manane.

Kisha jaribuni bila maigizo. Wapeni karatasi na maelezo makavu vijana wa sekondari ambao hawajui lolote. Wakilipata mara moja, toeni kidokezo kimoja. Wasipolipata, msiongeze vituko vya uigizaji. Rudini kwenye manila.

Hatua ya 4: Chakula

Sinia moja, watu watano: hilo ndilo kundi la upelelezi, hakuna haja ya kugawa watu kwa kadi. Pilau au biriani. Samaki wa kupaka nampenda sana, ila usiku huu hafai, maana mtu anayechambua miiba hasikii. Tena msitie sumu katika hadithi, wageni watakiogopa chakula.

Vidokezo vya kusoma vitoke baada ya kunawa tu. Tunakula kwa mkono, na karatasi iliyoshikwa kwa vidole vya pilau hupitisha mafuta hadi wino hausomeki. Birika na bakuli vikizunguka, waigizaji nao wazunguke na karatasi.

Hatua ya 5: Usiku wenyewe

Dakika ishirini za kula na kuzoeana na wahusika. Sinia lianguke. Mahojiano, kunawa, karatasi, kisha mahojiano tena. Mwongozaji akae kama mgeni na asikilize. Sinia lililokwama apelekewe mpishi. Wekeni karabai tayari, stima ikipotea mchezo uendelee.

Hatua ya 6: Hukumu

Halwa na kahawa chungu zisitoke kabla kila sinia halijaandika majibu yake matatu. Msemaji wa kila sinia asome kwa sauti, ndipo muuaji asimame na kukiri kwa maneno yake, akitaja vidokezo kimoja kimoja na mahali vilipokuwa. Karatasi zote zikusanywe na kuhesabiwa mlangoni, kwani kundi lijalo litalicheza fumbo hilo hilo.