Kusoma mwamba wa Coco Beach: nenda maji yakiwa yamekupwa

Mara ya kwanza niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha kwanza Coco Beach, Dar es Salaam, saa tisa alasiri, wakaone visukuku, yaani mabaki au alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa. Bahari imejaa, mwamba wote umefunikwa, tukaishia kula mihogo. Basi kwanza angalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Vaa viatu vya kufunika, jiwe lile linakata kama wembe.

Ukishuka, usitafute mifupa. Sogeza uso karibu na mwamba mpaka uone vitundu vidogo vyenye umbo la nyota, vimebanana kama sega la nyuki. Hayo ni matumbawe yaliyogeuka jiwe. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Madam, hili si zege tu?" Zamani ningemwambia akamulie ndimu, chokaa itoe povu, lakini zege nalo hutoa povu. Siku hizi nawaambia wafuate sega lenyewe kwa kidole. Kwenye zege vipande vimetupwa ovyo, hiki kimelala, kile kimepinduka. Kwenye mwamba utakuta bonge zima limesimama vilevile lilivyoota, na makombe yamejibana kwenye nyufa zake.

Sasa jiulize: matumbawe huishi chini ya maji, mbona haya yako juu, unayaegemea? Ama nchi iliinuka, ama bahari ilishuka. Tunajua kwamba takriban miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa.

Kombe lililobaki lenyewe ni aina moja tu ya kisukuku. Aina nyingine ifanye nyumbani: gandamiza kombe kwenye udongo wa mfinyanzi, litoe, kisha mimina nta ya mshumaa kwenye shimo. Shimo ni chapa, nta ni nakala. Kuna pia alama za maisha, kama nyayo za jamaa wa kale wa binadamu kule Laetoli, Ngorongoro, zilizohifadhiwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Na wapo wadudu walionaswa kwenye utomvu wa miti. Sandarusi ya pwani yetu, iliyochimbwa sana karne ya 19 ikauzwa ng'ambo kutengenezea vanishi, ina wadudu wa namna hiyo, ingawa ni changa mno ukiilinganisha na kaharabu, yaani utomvu wa kale uliogeuka kisukuku.

Umri ndio unaowachanganya wengi. Nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, usome habari za Zinjanthropus, fuvu la jamaa wa kale wa binadamu aliloliona mtafiti Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Miaka yake milioni 1.75 haikupimwa kwenye mfupa. Ilipimwa kwenye tabaka la majivu ya volkano: sehemu ya potasiamu iliyomo hugeuka gesi ya agoni polepole, kwa mwendo unaojulikana, nao wataalamu wakahesabu. Kaboni-14, inayopimwa kwenye mabaki ya viumbe, isingefaa, kwa sababu baada ya miaka 50,000 hivi inakuwa karibu imekwisha. Na tabaka la chini hutangulia la juu, mradi ardhi haijapinduliwa. Kwa hiyo fuvu lilipata umri kwa sababu ilijulikana lilitoka tabaka gani.

Ndiyo maana siku hizi nakagua mifuko ya wanafunzi, wasije wakaondoka na visukuku, kabla hatujapanda daladala. Ukiona kitu, weka sarafu pembeni yake upige picha, moja ya karibu na nyingine ya mwamba mzima, uandike kiko umbali gani kutoka juu. Ukiache hapohapo. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, lakini hata isingekuwepo ningesema hivyohivyo. Kuna mtoto aliwahi kuniletea kombe zuri la jiwe, zito, mistari yake yote imekamilika. Nikamuuliza amelitoa wapi. "Nimesahau, madam." Liko mezani kwangu, linazuia karatasi zisipeperushwe na pangaboi.