Kufundisha jimnastiki Goma: sakafu, mikono, na mtoto anayejua kuanguka

Watoto wengi wa Goma huanza sarakasi bila mwalimu, juu ya tairi kuukuu au kwenye lundo la mchanga mbele ya nyumba inayojengwa. Wakifika kwenye mazoezi wanataka jambo moja tu: salto, yaani kupinduka hewani. Kazi ya mwalimu ni kuichelewesha salto hiyo mpaka mabega yaweze kubeba, tumbo likaze na miguu ijue kutua. Maelekezo haya ni ya watoto wa miaka 6 hadi 13. Mtu mzima anayeanza anafuata njia hiyohiyo, ila vifundo vyake vya mikono vinadai muda zaidi.

Sakafu

Makoro, mawe ya lava, hayana huruma. Uwanja uliopitiwa na lava ya 2002 una vijiwe vyenye makali vinavyochana nguo, seuze ngozi ya goti. Fagia, okota kwa mkono, kisha pita mwenyewe peku kila mahali kabla ya mtoto yeyote kuvua viatu. Nje, tandaza mchanga laini wa sentimita 10 hivi, unyunyizie maji ukae, weka bashi (turubai) mbili, ndipo utandike matela. Ukipata ukumbi wa shule au wa parokia ni afadhali zaidi: saruji, juu yake tripleksi (plaiwudi) nene, juu yake sponji ngumu.

Sponji hupimwa kwa goti. Piga goti moja, weka uzito wako wote. Goti likihisi saruji, sponji hiyo imechoka, ongeza tabaka. Kwa kubingirika, sponji ngumu ya sentimita 5 inatosha. Matela laini ya kulalia, hata iwe na unene wa sentimita 20, inadanganya: kiganja kinazama, kifundo cha mkono kinakunjika kupita kiasi, na anayetua kwa miguu anageuza kifundo kwa urahisi. Iweke kando kwa zoezi la kuangukia mgongo tu. Angalia pia maungio: nafasi ya vidole viwili kati ya matela mbili inatosha kumeza mguu wa mtoto. Zifunge pamoja kwa mikanda ya mpira iliyokatwa kwenye tairi za ndani za baiskeli.

Mazuku nayo si habari za kutisha watoto. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu, na hukusanyika mabondeni, hasa magharibi ya mji kuelekea Sake na kando ya ziwa, alfajiri au jioni upepo ukiwa umetulia. Mwalimu aliyesimama hatahisi kitu wakati mtoto aliyelala chini tayari anaivuta. Kwa hiyo usiweke kamwe mazoezi ya kulala chali kwenye shimo au bonde, na kabla ya kuchagua uwanja waulize wazee wa kartye (mtaa). Wanajua ndege na mbuzi wamefia wapi.

Kuandaa mwili

Asubuhi za Goma zina ubaridi, basi usipunguze dakika 15 za kupasha mwili moto. Kimbia taratibu, ruka, tembea kama dubu (mikono na miguu chini, makalio juu), tembea kama kaa. Kisha vifundo vya mikono, jambo ambalo walimu wengi huliruka. Mtoto apige magoti, viganja chini, vidole vikielekea mbele, asogeze mabega mbele na nyuma mara 10. Kisha vidole vielekee pembeni, kisha vimwelekee yeye. Apumzishe, halafu ainue viganja huku vidole vikibaki chini, mara 10 tena. Hereni, bangili na saa vinavuliwa. Nywele ndefu zinafungwa chini kisogoni, si utosini, maana fundo la utosini linamzuia kubingirika sawasawa.

Umbo la kwanza kufundisha ni mtumbwi. Mtoto analala chali, anainua mabega na miguu, mikono imenyooka kando ya masikio, kiuno kimegandamana na sakafu. Pitisha kiganja chako chini ya kiuno chake. Kikipita, miguu iko chini mno: aiinue au akunje magoti mpaka kiganja kikwame. Sekunde 10, mara 3, na baada ya wiki chache sekunde 20. Asiyeweza mtumbwi atasimama kwa mikono akiwa amepinda kama ndizi, na hakuna maneno yatakayomnyoosha.

Kutua na kuanguka

Anza na ubao au ngazi ya sentimita 20 hadi 30. Anaruka chini, miguu upana wa nyonga, magoti yanakunjika na kufuata vidole vya miguu, mikono mbele, anatulia sekunde 3. Sikiliza zaidi ya kutazama: kishindo maana yake magoti yamekakamaa. Magoti yakigongana kwa ndani, na hilo hutokea sana kwa wasichana wanaokua haraka, punguza urefu na umpe kuchuchumaa polepole mbele yako. Usiongeze kimo mpaka atue mara 10 bila kusogeza mguu.

Kuanguka nyuma nako kunafundishwa. Anachuchumaa, kidevu kifuani, anajikunja na kubingirika mgongoni, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Kosa la hatari ni kunyoosha mkono nyuma ili kujizuia; hivyo ndivyo vifundo na viwiko vinavyovunjika. Rudieni hili kila siku hadi lifanyike bila kufikiri.

Kubingirika mbele

Weka tripleksi juu ya tairi au mfuko wa mchanga upande mmoja, ipate mteremko, tandika sponji. Mtoto anachuchumaa juu, viganja chini upana wa mabega, anainua makalio mpaka yapite kichwa, kidevu kinabana kifua. Viganja vinasukuma, na kinachogusa sponji kwanza ni sehemu ya juu ya mgongo. Utosi hauguswi. Mwambie abane kitambaa kidogo kati ya kidevu na kifua. Kikidondoka, anajua mwenyewe alipokosea.

Akienda upande, mkono mmoja unasukuma kuliko mwingine au kichwa kimegeuka. Akipiga mgongo chini kwa kishindo, amejifungua mapema. Akishindwa kusimama bila kushika sakafu, visigino viko mbali na makalio: avute visigino, anyooshe mikono mbele kana kwamba unampokea, na mshike kweli mara za kwanza. Ukimsaidia, mkono mmoja unakaa kisogoni kulinda shingo, mwingine chini ya paja. Usisukume kichwa.

Kubingirika nyuma kunaminya shingo zaidi. Kungoje mpaka mikono iwe na nguvu, na kuanze kwenye mteremko. Mtoto mwenye ugonjwa wa Down asifundishwe kubingirika wala kusimama kwa kichwa kabla daktari hajachunguza shingo yake, kwa sababu mifupa ya juu ya shingo kwa baadhi yao haikushikana imara.

Kusimama kwa mikono

Hapa ndipo muda mwingi uende. Usianze na kurusha miguu ukutani. Anza na mikono.

Hatua ya kwanza ni kuegemea kama anayetaka kupiga pushapu: viwiko vimenyooka, mgongo umekazwa kama kwenye mtumbwi, sekunde 30. Vidole vimetanuka na vinabonyeza sakafu. Tazama kucha: zikigeuka nyeupe ncha zake, vidole vinafanya kazi, zikibaki na rangi yake, uzito wote uko kwenye kifundo. Hatua ya pili, miguu juu ya benchi, makalio juu, mwili umekunjika kiunoni kama pembe, na mabega yanasukuma sakafu mpaka yaguse masikio. Hatua ya tatu, tumbo likielekea ukuta: anatembeza miguu ukutani kwenda juu huku mikono ikisogea, mpaka mikono iwe sentimita 30 hivi toka ukutani. Hapo anakaa sekunde 10, kisha anashuka kwa njia ileile. Mtoto anayebaki tumbo ukutani hawezi kujipinda ndizi kwa urahisi, ndiyo maana tunaipenda kuliko mgongo ukutani.

Kabla ya kurusha miguu katikati ya uwanja, mfundishe kutoka. Akihisi anapitiliza, anasogeza mkono mmoja mbele robo duara na kushuka kwa upande, mguu mmoja baada ya mwingine. Asijaribu kubingirika toka juu mpaka kubingirika kwake kuwe safi. Mtoto aliyejua njia ya kutoka haogopi, na asiyeogopa hakunji viwiko.

Wewe simama ubavuni, karibu na pale mikono itakapotua, upande wa mguu unaorushwa, uso wako ukiwa nje ya njia ya visigino. Mshike mapaja, si vifundo vya miguu: ukishika vifundo, kiuno kinaning'inia na humwokoi. Mwambie kabla ya kumshika utamshika wapi, na mazoezi yafanyike mahali mama na baba wanaweza kuingia na kutazama saa yoyote.

Viwiko vikikunjika, mrudishe hatua ya pili bila aibu. Mabega yakitangulia mbele ya vidole, kichwa kimeinuliwa mno. Macho yatazame kati ya viganja bila kuvunja shingo.

Gurudumu

Chora mstari kwa chaki au mkaa. Mdundo ni mkono, mkono, mguu, mguu. Wapige makofi wenzake mpaka masikio yauzoee. Mkono wa kwanza unawekwa hatua ndefu mbele ya mguu. Ukiwekwa karibu, hakuna nafasi ya miguu kupita juu na itazunguka chini pembeni, makalio yakibaki nyuma. Mikono ikitua pamoja, mrudishe kwenye benchi ya chini: mikono juu yake, anaruka upande huu kwenda ule. Kumsaidia, simama mgongoni mwake, shika nyonga kwa mikono iliyopishana ili ifunguke anapozunguka. Ukisimama mbele yake utapigwa teke.

Daraja (kupinda mgongo nyuma, viganja na miguu chini) nalisema kwa kifupi: mabega yasiyofunguka hulipiwa na kiuno. Miguu iwekwe juu ya benchi ya chini ili mgongo wa juu ndio ufunguke, na usimlazimishe. Kuna walimu wanaomkalia mtoto mgongoni ili afike msamba. Hilo si mazoezi. Misuli inavutwa mwishoni, mwili ukiwa moto, sekunde 30, kwa uzito wa mtoto mwenyewe.

Kuulinda mwili

Kwa anayeanza, mara 2 au 3 kwa wiki, saa moja na robo, zinatosha. Hata baadaye, saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wake: wa miaka 8, saa 8. Mzazi mwenye haraka aambiwe kwamba hata Olimpiki msichana haruhusiwi kushindana kabla ya mwaka anaotimiza miaka 16.

Mifupa ya mtoto hukua kwenye ncha, na ncha hizo ni laini kuliko kano zinazozivuta. Maumivu ya kisigino kwa wa miaka 8 hadi 13, au ya kifundo cha mkono yanayorudi kila akiegemea, si uvivu: punguza kuruka au kuegemea mpaka yaishe, mpe mazoezi ya tumbo na miguu. Kiuno kinachouma anapopinda nyuma kwa zaidi ya wiki mbili kinahitaji daktari, kwani mfupa wa mgongo unaweza kuwa umepata ufa.

Mkwaruzo wa makoro uoshwe kwa sabuni na maji safi yanayotiririka mpaka punje zote nyeusi zitoke, na uulizie chanjo ya pepopunda. Akigonga kichwa na kuchanganyikiwa, kutapika au kulalamika kizunguzungu, siku hiyo imekwisha kwake, na apelekwe hospitali. Akiangukia shingo, usimwinue: shikilia kichwa kisisogee, zuia wenzake wasimguse, ita msaada.

Mazoezi kwa tumbo tupu huleta kuanguka. Saa mbili kabla, ndizi, viazi au mkate. Baada yake, wali au bugali na maharage, mayai au sambaza (samaki wadogo wa ziwani). Maji ya kunywa yawe kwenye bidoni safi pembeni. Usipime watoto uzito mbele ya wenzao, wala kuwasifu kwa wembamba. Msichana aliyeanza hedhi ikakatika miezi mitatu huenda anakula kidogo kuliko anavyotumia. Zungumza na mama yake.

Kifundo cha mguu kikigeuka: pumzika, funga bendeji isiyobana mno, inua mguu, weka maji baridi au barafu iliyofungwa kitambaani dakika 15. Usikande kwa maji ya moto siku mbili za kwanza, wala usimpeleke kwa mvuta mifupa. Akishindwa kupiga hatua nne, au akiumia ukibonyeza mfupa wa kifundo wenyewe upande wa nje au wa ndani, apigwe picha ya eksirei. Kurudi mazoezini kuna mtihani wake: atembee bila kuchechemea, asimame kwa mguu huo sekunde 30, kisha aruke kwa mguu huo mmoja mara 10 bila maumivu. Wiki hiyo ya kwanza asiruke toka juu. Afanye mtumbwi na kusimama kwa mikono ukutani, na ashushwe kwa mikono yako.